Buibui wa Sri Lanka Katika Nyumba ya Dada

Shemeji yangu alimleta yule buibui nyumbani Jumapili moja ya mwezi wa tano, mwaka 2011. Alikuwa amekumbatia kisanduku kifuani, kimefunikwa taulo, akitembea polepole kama mtu aliyebeba keki ya harusi. Mimi nilikuwa sebuleni ninamsuka dada yangu, ambaye ndiye mke wake, na ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minne. Shemeji hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza nilipokuwa nimepanga vitana na rasta zangu, akavisukuma pembeni kwa kiwiko, akatua kisanduku chake na kuondoa taulo.

Kilikuwa cha kioo, kirefu kwenda juu. Ndani kulikuwa na kipande cha gome la mti kimesimamishwa, udongo kidogo chini, na kisahani cha maji. Nikadhani amenunua mmea. Halafu sehemu ya lile gome ikajongea.

"Mama yangu!" nikasema, na kitana kikaniponyoka.

Alikuwa mkubwa kama kiganja changu na vidole vyake vyote vikiwa vimekunjuliwa. Rangi yake ilikuwa ya majivu na kahawia, na mgongoni alikuwa na mchoro kama wa jani lenye kingo nyeusi. Miguu yake ilikuwa na manyoya marefu. Shemeji aligonga kioo kidogo kwa ukucha, naye akainua miguu ya mbele, na chini yake ilikuwa njano, njano kabisa ya kiini cha yai.

"Jike," shemeji akasema, kama mtu anayetangaza kwamba mtoto amezaliwa.

"Anauma?" dada akauliza.

"Ukimwacha, naye anakuacha."

Akatueleza. Shemeji alikuwa mlinzi wa geti katika esteti moja ya Midrand, nje ya Johannesburg. Mkazi mmoja wa pale, Mzungu aliyefuga buibui wa nchi mbalimbali, alikuwa anahamia Australia, na alikuwa amewagawa wote kwa rafiki zake akabakiwa na huyu. Kwa miezi mingi alikuwa akimwita shemeji kwenda kuwatazama kila alipomaliza zamu. Basi akampa.

"Huyu ni wa Sri Lanka," shemeji akasema. "Nchi ile ya kisiwa, chini ya India. Hapatikani pengine popote. Dunia nzima, kisiwa kile kimoja. Anakaa ndani ya miti mizee yenye mashimo, na miti yenyewe banaikata."

"Na sasa anapatikana Rosettenville," nikasema.

Hakucheka. Shemeji alikuwa mtu wa Uvira, Kongo, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwao. Aliniita shemeki, na alipokasirika maneno yalimjia kwa Kifaransa. Siku ile aliniangalia tu, akauliza soketi ya umeme iliyo karibu na godoro langu inafanya kazi au haifanyi.

Ilibidi aniulize mimi kwa sababu sebule ile ndiyo ilikuwa chumba changu. Tulikuwa tumepanga vyumba viwili vya nyuma katika uwanja wa nyumba ya mama mmoja mzee, mjane wa Kireno kutoka Madeira, ambaye wapangaji wote tulimwita Dona. Dada na mumewe walilala chumba cha ndani. Mimi, tangu nilipofika kutoka Bujumbura mwaka 2009, nililaza godoro langu sebuleni kila usiku na kulisimamisha ukutani kila asubuhi kabla ya kwenda saluni. Kwa hiyo mtu aliyepangiwa kulala na buibui wa Sri Lanka nilikuwa mimi, na hakuna aliyeniuliza kama ninakubali.

Niseme wazi kwamba mimi na shemeji hatukuwa tukipendana hata kabla ya hapo. Dada alishanisimulia mara moja, kwa kifupi, jinsi alivyokuwa zamani: mwenye spaza yake, duka dogo la mtaani, katika kitongoji kimoja upande wa mashariki, mcheshi, mwenye kuwapa wazee mkate asubuhi na kungoja walipe wakipata. Mwaka 2008, watu walipowashambulia wageni, majirani wale wale waliingia dukani na kubeba hadi rafu. Yeye na dada walilala wiki nyingi kwenye hema. Nilipofika mimi, nilimkuta mtu asiyefungua mlango bila kuuliza mara tatu ni nani, na asiyecheka na yeyote. Nilimwonea huruma miezi ya kwanza. Lakini huruma haidumu kama mtu mwenyewe kila siku anahesabu vipande vya sabuni ulivyotumia.

Sasa mtu huyo huyo akawa anaongea na buibui. Akitoka zamu alipita kando ya godoro langu na viatu vyake vya kazi, akachutama mbele ya kioo na kumwambia kwa sauti ya chini, "Umeamkaje, mama? Umekula?" Dada yangu mwenyewe hakuwahi kuulizwa hivyo mbele yangu.

Halafu baridi ikaingia. Anayeijua Johannesburg anajua baridi ya mwezi wa sita, ile kavu inayopasua midomo, na nyumba ambazo hazikujengwa kwa ajili yake. Tulikuwa na hita moja ndogo. Jioni moja niliikuta imehamishwa kutoka katikati ya sebule na kuwekwa kando ya kisanduku, imegeuzwa uso kwake, na mimi nimebaki upande wa mgongo.

"Shemeji, hita ni ya watu," nikamwambia.

"Yeye akipata baridi anakufa. Wewe una blanketi."

"Kwa hiyo mimi nisipokufa inatosha?"

"Quand même, shemeki! Unashindana na mududu?"

Nilimgeukia dada. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Lala karibu na meza basi," akasema, "mpate joto wote."

Nililala karibu na meza. Nililala nikiwa nimejifunika hadi usoni na kuacha upenyo wa jicho moja, kwa sababu yule kiumbe mchana alijificha nyuma ya gome lake na usiku alitoka. Alisimama juu ya kioo kabisa, tumbo likinielekea, hajongei. Na kulikuwa na chakula chake. Shemeji alinunua nyenje katika duka la wanyama, wamefungwa kwenye kikopo chenye matundu, na kikopo kilikaa chini ya meza, usawa wa sikio langu. Walilia usiku kucha. Wengine walitoroka, wakaingia nyuma ya kabati, wakawa wanalia kutoka huko, na ukisogea wananyamaza, ukitulia wanaanza. Alipowalisha nilitoka nje, lakini mara moja nilichelewa kutoka na nikaona. Nyenje aliwekwa chini kwenye udongo. Buibui alikuwa juu, mbali. Sikumwona akishuka. Nilimwona tu akiwa ameshafika, nyenje yuko mdomoni. Kasi ile ndiyo iliyonitia chuki kamili. Kitu cha ukubwa ule hakikupaswa kwenda kwa kasi ile.

Mwezi wa saba nikaamka asubuhi nikaona wako wawili.

Nilipiga kelele mpaka Dona akafungua dirisha lake upande wa mbele. Shemeji alitoka mbio na kaptula, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alicheka, tena kwa sauti. Buibui alikuwa amejivua ngozi. Yule wa pili, aliyelala chini chali, alikuwa ngozi tupu, na miguu yote minane na manyoya yake, hata meno. Mwenyewe alikuwa pembeni, rangi zake mpya zimekolea, amechoka. Shemeji aliitoa ile ngozi kwa koleo ndefu, akailowesha, akainyoosha miguu mmoja mmoja kwenye kipande cha katoni na kuibana kwa pini. Jioni niliporudi kutoka saluni niliikuta imetundikwa ukutani, juu ya mahali ninapoweka kichwa.

Niliing'oa na kuitupa kwenye pipa la taka nje. Sikumficha, niliitupa akiniangalia.

"Vile vitu vyako vya nywele mimi navigusa?" akasema. "Nywele za watu waliokufa huko China, unazileta hapa, mimi nasema kitu?"

"Nywele zangu hazina meno."

"Huyu hana mtu hapa. Hana ndugu, hana nchi. Ni mugeni kama sisi, na wewe unamtupa jalalani!"

"Usinifananishe na buibui," nikasema. "Mimi nilikuja na miguu yangu. Na kwetu tupo wengi."

Dada alitoka, tumbo limeshajitokeza, akaenda kwenye pipa. Aliiokota ile katoni, akaipangusa maganda ya viazi, akampa mumewe. Kisha akarudi ndani. Sikulala na njaa usiku ule, lakini nilikula peke yangu.

Tangu siku ile mimi na shemeji tuligawana sebule kama watu wanaogawana mpaka. Yeye alikaa upande wa kisanduku, mimi upande wa mlango. Wateja wangu niliowasuka nyumbani siku za Jumapili walipungua. Mmoja, Mkongo mwenzake wa Kivu, aliona kile kitu kikiwa juu ya kioo, akainuka na kichwa nusu kimesukwa na nusu kiko wazi, akasema atamalizia kwingine. Mwingine aliniuliza kwa upole kama shemeji yangu anafanya dawa. Nilimjibu kwamba shemeji hana akili ya kufanya dawa.

Mwezi wa nane ni mwezi wa upepo. Upepo unatoka kwenye milima ya taka za migodi, unaleta vumbi la njano, unagonga mabati. Mlango wetu wa nje komeo lake lilikuwa limekufa tangu zamani, na Dona alikuwa akiahidi kila mwezi kulitengeneza. Jumamosi moja mchana niliingia na mifuko miwili ya manunuzi. Shemeji alikuwa amefungua kisanduku, mkono wake umo ndani anabadilisha kisahani cha maji. Nilipita, na upepo ukaubamiza mlango nyuma yangu kwa kishindo.

Hakupiga kelele. Alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyeguswa na maji ya moto. Akautoa mkono taratibu, akarudisha kifuniko, akakibana. Ndipo akakaa sakafuni. Pembeni mwa kidole gumba kulikuwa na matone mawili ya damu.

"Umemuogopesha," akasema.

Hapo hapo nilitaka kumjibu, lakini jasho lilikuwa limeshamjaa usoni. Baada ya muda mfupi mkono ulivimba hadi kwenye kiwiko. Kisha misuli ikaanza. Niliona paja lake likijikaza lenyewe chini ya suruali, gumu kama ubao, likilegea, likijikaza tena, na yeye anauma taulo. Dada alisimama mlangoni mwa chumba, mikono juu ya tumbo, midomo imekauka.

"Mpeleke hospitali," akaniambia. "Wewe unajua Kizulu."

Tulipanda teksi, kibasi cha abiria cha mjini. Alikaa amejikunja karibu na dirisha na watu walisogea mbali nasi wakidhani amelewa. Hospitali ilikuwa ya serikali, yenye benchi ndefu na watu waliofika tangu alfajiri. Nilimkalisha, nikaenda kwenye dirisha la nesi.

"Sista, huyu ameumwa na buibui," nikasema.

"Buibui gani?"

Ningeweza kudanganya. Lakini niliogopa wasije wakampa dawa isiyo yake. "Wa kufugwa," nikasema. "Anatoka Sri Lanka."

Nesi aliweka kalamu chini. Alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani, na alikuwa amechoka, naweza kusema hivyo leo. "Hapa kwetu tuna buibui," akasema. "Wapo wa kila aina. Nyinyi mkaona hawatoshi, mkaagiza wenu?"

Nyuma yangu mwanamke mmoja akasema kwa sauti, ili asikiwe, "Hata buibui wao hana karatasi." Benchi zima likacheka. Walicheka hadi waliokuwa wamefungwa bandeji.

"Kaeni. Tutawaita," nesi akasema.

Waliita waliokuwa mbele yetu, wakaita waliokuwa nyuma yetu. Shemeji alikuwa amefumba macho na shingo imeanza kujikaza, meno yanagongana. Nilirudi dirishani.

"Sista, huyu mtu hawezi kungoja."

"Kila mtu hapa anangoja."

"Wale wameingia baada yetu."

"Wale ni wagonjwa, siyo watu wa kuchezea wadudu. Rudini kwenu mkatibiwe."

Sijui niseme nini juu ya kilichonipanda. Nilikuwa simpendi yule mtu. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwombea mabaya. Lakini nilipiga mkono juu ya dirisha lile na kupaza sauti, kwa Kizulu changu cha saluni chenye makosa, kwamba huyu mnayemcheka anakesha nje kwenye baridi kulinda nyumba za watu wa nchi hii, na kama mnataka kumcheka mumcheke akishapewa sindano. Nesi akasimama. Nami nikazidisha sauti. Mlinzi wa hospitali akaja kunishika mkono, nikamwambia asiniguse, na kwa kelele ile daktari mmoja kijana alitoa kichwa mlangoni kuona kuna nini. Alimwona shemeji akiwa amekakamaa kwenye benchi, akamwita ndani mwenyewe.

Daktari alisema hakuna dawa maalumu ya buibui yule. Haui mtu, alisema, lakini maumivu yake ni makali, na misuli inaweza kuendelea kukaza kwa siku nyingi, hata ukidhani umepona. Akamchoma sindano ya maumivu, akampa vidonge.

Tulirudi jioni. Kwenye teksi shemeji alikuwa na nafuu kidogo, na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nikingoja neno. Asante tu ingenitosha. Tulivuka robot, taa za barabarani za kuingia Rosettenville, ndipo akafungua mdomo.

"Ulipaza sauti mbele ya watu wote," akasema. "Umenifanya nikaonekana kama mutoto."

"Ningekuacha ukauke pale?"

"Hakuna aliyekutuma kupigana. Na ni wewe ulibamiza mlango."

Nilitazama nje mpaka tuliposhuka.

Daktari alikuwa amesema kweli. Maumivu yaliisha, yakarudi, yakaisha, na kila yaliporudi mguu ulimkamata akiwa amesimama getini. Mara mbili alishindwa kwenda zamu. Mara ya tatu kampuni ikaweka mtu mwingine, kama wanavyofanya, bila maneno mengi. Basi akawa nyumbani kutwa, amekaa kwenye kiti mbele ya kioo, mkono umefungwa kitambaa. Nilitegemea angalau sasa atamchukia yule mnyama. Wapi. Alimtetea. Alisema alikuwa na haki, aliogopeshwa ndani ya nyumba yake. Neno "nyumba yake" alilitamka akiniangalia mimi.

Mwezi wa tisa Dona aliingia. Hakuwahi kuingia bila kugonga, lakini siku ile alisukuma mlango akaja moja kwa moja kwenye meza, akaivuta taulo, akarudi nyuma hadi kwenye ukuta.

"Bicho!" akawa anapiga kelele, mdudu kwa Kireno chake. "Bicho! Ndani ya nyumba yangu!" Alikuwa na fimbo yake ya kutembelea, akainyoosha kuelekea kisanduku, shemeji akasimama katikati na kukikinga kwa mwili wake, na mguu ukamkaza hapo hapo akaanguka juu ya kiti. Dona hakumwangalia hata kidogo. Alisema mnyama atoke kabla ya wiki kwisha, au tutoke wote, na mwenye mimba pia.

Alipoondoka, nyenje wakaanza kulia tena chini ya meza.

"Umemwambia," shemeji akasema.

"Sikumwambia."

"Amekuja moja kwa moja kwenye meza. Nani alimwonyesha meza?"

Sijui nani. Mpaka leo sijui. Labda mteja, labda mpangaji wa chumba cha tatu, labda ni wale nyenje walivyokuwa wakilia. Mimi na Dona tulikuwa hata hatusalimiani vizuri. Lakini nilipomgeukia dada ili anitetee, nilimkuta ananiangalia vile vile kama mumewe.

"Dada, sikumwambia."

"Umekuwa ukitaka aondoke tangu siku ya kwanza," akasema.

"Ndiyo, nilitaka. Lakini sikumwambia."

"Sikuamini."

Hakusema kwa hasira. Alikuwa amesimama kando ya jiko, anageuza lengalenga, mchicha wa kwetu, kwenye sufuria, na aliendelea kugeuza. Yule ndiye aliyenifunga kanga yangu ya kwanza, aliyenibeba mgongoni mtaani kwetu Buyenzi mvua ilipojaza mitaro. Nilimsubiri. Alizima moto, akafunika sufuria, akajifuta mikono.

"Nimechoka kuwasikiliza," akasema. "Tangu baridi ianze mimi sijalala. Huku mmoja, huku mwingine, na huyu wa ndani anapiga mateke. Buibui ataondoka. Na wewe utaondoka."

Shemeji aliinua kichwa, kama naye amepigwa. "Mama watoto..."

"Wote wawili," dada akasema. "Jumamosi."

Nilipata chumba Turffontein, karibu na uwanja wa mbio za farasi, kwa mwanamke wa Tanzania tuliyefanya naye kazi saluni. Jumamosi ile nilikuwa nakunja godoro langu alipofika mtu wa duka la wanyama, lile lile shemeji alikonunua nyenje. Shemeji ndiye aliyempigia simu. Alikuwa ameosha kioo, amebadilisha udongo, na alikuwa amevaa shati lake la kwenda msikitini. Nadhani alitaka kumweleza yule mtu jinsi ya kumlisha.

Mtu mwenyewe alikuwa Mzungu mnene aliyevaa kaptula na soksi ndefu. Alichutama, akamulika kwa tochi ndogo, na nikaona jinsi pumzi ilivyomkatika. Alijua anachokitazama. Halafu akainuka akamtazama shemeji kuanzia viatuni.

"Umempata wapi?"

"Nilipewa na bosi mmoja. Kule Midrand."

"Bosi gani?"

Shemeji akamtaja.

"Yuko wapi?"

"Amehamia Australia."

"Ahaa. Australia." Mtu yule akatabasamu. "Ulikuwa unafanya kazi gani pale?"

"Sekyuriti."

"Sekyuriti," akarudia. "Basi nisikilize. Mnyama huyu anahitaji kibali. Huna. Naweza kupiga simu polisi sasa hivi, waje waone na makaratasi yako mengine kama yapo. Au naweza kumchukua tukamaliza hapa. Sharp, sawa?"

Nilikuwa nimeshika kamba ya godoro. Nilitazama uso wa shemeji, nikaona amerudi kule alikokuwa, kwenye mlango wa spaza yake, watu wakibeba rafu. Nilimjua yule mtu wa duka kuwa ni mwizi kama wale. Nilikuwa na ulimi, na Kiingereza changu kilikuwa bora kuliko cha shemeji. Lakini maneno ya teksi yalikuwa bado yananiuma, na ya dada yalikuwa yananiuma zaidi. Nikafunga fundo la kamba, nikalivuta.

"Mpulizie maji kila baada ya siku mbili," shemeji akasema. "Siyo juu yake. Kwenye kioo."

"Najua," mtu akasema, na kukibeba kisanduku bila taulo. Kupitia kioo nilimwona buibui amejibana nyuma ya gome, ni ncha tu za miguu zinazoonekana. Akawekwa nyuma ya bakkie, pikapu ya yule mtu, kati ya magunia ya chakula cha mbwa.

Mimi niliondoka saa moja baadaye. Dada alinipa sufuria ndogo na mashuka mawili, akanisaidia kuinua godoro hadi getini, ingawa nilimkataza. Hatukukumbatiana. Shemeji hakutoka ndani.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi. Nilipata habari kutoka kwa mteja, nikiwa nimeshika kichwa chake, na nikaendelea kusuka. Nilituma nguo kwa mkono wa mtu, zikapokelewa, hakuna aliyepiga simu. Hivyo ndivyo tulivyoishi, mitaa miwili inayopakana, miaka miwili na zaidi. Nikiona dada anakuja upande wangu wa barabara nilikuwa nasimama kutazama viatu dirishani.

Mwaka 2014, asubuhi ya Jumatano saluni ikiwa tupu, aliingia. Alikuwa amenenepa kidogo. Alivua mtandio wake, akakaa kwenye kiti changu, akasema anataka mistari ya kurudi nyuma, myembamba, bila rasta.

Nikaanza kuchana. Nywele zake za mbele zilikuwa zimekatika, kama zinavyokatika za wanawake wengi baada ya kujifungua, nikamwambia atumie mafuta ya nyonyo. Akasema atatumia. Aliniambia mtoto anaelewa Kiswahili lakini anajibu Kizulu, na kwamba mumewe amepata kazi ya ghala. Nikamuuliza juu ya mama yetu, akaniambia. Tulizungumza kwa kutazamana ndani ya kioo.

Nilipofika kisogoni akasema, "Shemeji yako hakusalimii."

"Na mimi simsalimii," nikasema.

Mabega yake yalitikisika kidogo. Nilidhani analia, nikainama kumtazama. Alikuwa anacheka. Nikamwambia atulie, asije akaniharibia mstari.